Tupeane uzoefu: maswali ya usaili ulijiandaaje, na mle ndani ikawaje?

Wakuu habari za muda huu. Nimeitwa usaili, nimeanza kuandaa majibu ya yale maswali ambayo kila mtu anayajua, tuambie kuhusu wewe, udhaifu wako nini, kwanini tukuchukue wewe, mshahara unataka kiasi gani. Shida ni kwamba majibu ninayoyakuta mitandaoni yote yanafanana, "mimi ni mchapakazi, najituma, naweza kufanya kazi chini ya presha", sasa kama wote tunaenda kusema hayo si watatuchoka asubuhi asubuhi. Kwahiyo sitaki majibu, nataka uzoefu. Ulijiandaaje, ukaulizwa nini, kipi kilisaidia na kipi kilikuwa kazi bure. Karibuni.

*

Mkuu mimi niliachana kabisa na kuandika majibu. Nilichukua tangazo la kazi nikapiga mstari kila kitu walichotaja, halafu kila kimoja nikakitafutia kisa cha kweli kilichowahi kunikuta, mteja aliyekuja amefura, ripoti inatakiwa kesho na data hazijakamilika, mwenzangu wa ofisini tuliyekuwa hatuelewani. Visa vichache tu. Uzuri wake kisa kimoja kinajibu maswali mengi, hicho cha mwenzangu nilikitoa walipouliza kuhusu migogoro kazini ila kingeweza kujibu hata la kufanya kazi na timu. Mpangilio ni ule wanaouita STAR, hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ukafanya nini, matokeo yakawaje. Watu wengi wanakwama kwenye hali, anaielezea kampuni mpaka watu wanasinzia, wakati maksi ziko kwenye ukafanya nini. Na sema "nilifanya", ukisema "tulifanya" kila sentensi hawatajua wewe ulikuwa unafanya nini hapo katikati.

*

Nakazia. Mimi huwa nakaa upande wa pili wa meza. Mle ndani tuna karatasi za alama, maswali ni yale yale kwa kila msailiwa, na kila mmoja wetu anaandika alama zake kabla hatujajadiliana. Sio urasimu, watafiti wa saikolojia ya kazi Schmidt na Hunter mwaka 1998 walikusanya matokeo ya tafiti za miaka 85 wakaonyesha usaili wenye mpangilio unabashiri utendaji wa mtu kazini vizuri kuliko ule wa kupiga stori tu. Kwahiyo ukiona mtu ameinamisha kichwa anaandika usidhani amekuchukia, anajaza fomu. Na tukikwambia "tupe mfano" hatukubani, tunakuokoa, maana ulichosema mpaka hapo hakina cha kuandikwa. Wengi hapo wanarudia jibu lile lile kwa sauti kubwa zaidi.

Aliyekariri tunamjua, anajibu swali halijaisha, ukimkatisha kidogo anarudi mwanzo.

Kuhusu udhaifu, tafadhalini hilo la "napenda kila kitu kiwe kamilifu" lipumzisheni. Jibu zuri nililowahi kusikia ni la dada mmoja aliyesema anashindwa kukataa kazi, zinamrundikia, sasa hivi kila akipewa mpya anamwonyesha bosi orodha yake na kumuuliza ipi isubiri. Tukampa alama zote.

*

Mnasema tusikariri, mimi nilikariri na kazi nikapata 😂 ila nilikariri sentensi ya kwanza tu ya kila jibu, maana pale ndo ulimi unakuwa mzito, ikishatoka hiyo zingine zinakuja zenyewe. Halafu nilijirekodi kwenye simu. Utaona aibu kujisikiliza ila ndo utajua unasema "yaani" mara ngapi.

*

Mshahara ndo penyewe. Kabla sijaenda niliwauliza watu wanaofanya kazi ya aina ile wanalipwa kuanzia wapi mpaka wapi. Nilipoulizwa nikawarudishia kwa adabu, nafasi hii mmeitengea kiasi gani, wakagoma kusema. Nikawapa kuanzia hapa mpaka hapa, na kile cha chini kilikuwa ndo ninachokitaka haswa, maana wao wakisikia namba mbili wanaishika ya chini. Na uliza kabisa hiyo ni kabla au baada ya makato, watu wameshasherehekea namba halafu mwisho wa mwezi wanakutana na nyingine.

*

Mimi nilikuwa na pengo kwenye CV, nilikuwa namuuguza mama. Nilijua lazima waliulize. Kaka yangu akanishauri niseme nilikuwa nimejiajiri, nikamkatalia, je wakitaka namba za wateja? Nikasema tu nilikuwa nauguza mzazi, jambo hilo limeisha, na katikati hapo nilisoma kozi moja ya uhasibu. Yule mama aliyeuliza akasema pole sana, swali linalofuata. Basi. Yale maelezo marefu niliyokuwa nimeyaandaa sikuyagusa.

*

Asanteni sana wakuu, dada pole kwa kuuguza. Lile la mwisho je, "una swali lolote kwetu"?

*

Usiseme sina. Uliza miezi mitatu ya mwanzo wangependa mtu huyu awe amekamilisha nini, halafu sikiliza vizuri maana hapo unaambiwa kazi yenyewe ilivyo, mara nyingi haifanani na tangazo. Likizo na marupurupu utauliza wakishakupa ofa. Andaa zaidi ya moja, kuna uwezekano la kwanza wakawa wamelijibu wenyewe wakati wa maongezi.

*

Nadandia hapo hapo, kuna aliyewahi kufanya ule usaili wa kujirekodi video mwenyewe, swali linatokea kwenye skrini na saa inahesabu? Nimetumiwa linki leo.

*

Ndio. Angalia kwanza kama kuna swali la majaribio, mara nyingi lipo na halina alama, litumie kupima sauti na mwanga. Angalia pia kama wanaruhusu kurudia kurekodi. Macho kwenye kamera, sio kwenye sura yako, na ukimaliza kabla ya muda bonyeza kumaliza, usianze kujaziajazia.