Treni ya Kamina: pesa ya tike walichukua, baba mkubwa akazikwa bila sisi

Jambo yenu wote. Nina hasira na sitaificha, kwa hiyo mnivumilie nikiandika kirefu.

Jumatatu ile walinipigia simu toka Kamina, huku kwetu Kongo, kwamba baba mkubwa ametutoka, na maziko watayangojesha mpaka Ijumaa juu ya sisi wa Lubumbashi. Mimi na shangazi tukakimbia gare, stesheni ya treni, saa ile ile. Yule wa dirishani akapokea falanga zetu, akatukatia tike mbili, akasema kesho saa kumi jioni inatoka, mnalala njiani, keshokutwa usiku mko Kamina. Ni karibu kilomita 600, tukaona tutawahi.

Kesho yake ubao uliandikwa saa kumi. Ikafutwa ikaandikwa saa mbili usiku. Ikafutwa. Jumatano wakaandika asubuhi, wakafuta tena, mpaka ubao wenyewe ukawa mweupe kwa vumbi la chaki na huwezi kusoma kitu. Hakuna mtu aliyetoka ofisini kusema neno. Mama mmoja wa Mwene-Ditu aliwasha mbabula, jiko la makaa, pale pale, akapika bukari, yaani ugali, kwa unga aliokuwa anawapelekea watoto wake, siku ya pili unga ule ukaanza kupungua mbele ya macho yetu na yeye akawa anagawia mpaka watoto wa wengine. Choo kimefungwa. Maji unanunua. Mfanyakazi mmoja akatuambia polepole, lokomotivi yenu imeenda kuvuta mzigo.

Mzigo! Watu wenye tike mkononi wanalala chini kwenye simenti na lokomotivi inapewa mawe!

Tuliondoka Alhamisi usiku. Ijumaa tulikuwa tumesimama Tenke, na ni pale Tenke simu ikaingia kwamba wanatoa mwili nyumbani. Shangazi alikuwa kwenye dirisha la wagoni, kioo hakipo wameweka karatasi ya boksi, akasema, "Banamuzika yaya yangu, miye niko hapa naangalia majani." Yaani wanamzika kaka yake mkubwa. Hakulia, na mpaka leo sauti ile haijanitoka. Kamina tukafika Jumapili asubuhi, watu wameshaanza kurudi makwao.

Sasa mjue marehemu alikuwa mtu wa reli. Miaka yote aliyofanya kazi alikuwa anabadilisha zile mbao za chini ya chuma, mvua na jua, karibu na Kamina, na njia hii alikuwa anatuhadithia kama mtu anayehadithia ukoo wake. Kwamba chuma kilifika hapa kwetu Lubumbashi mwaka 1910 kikitokea kusini kwa kupitia Sakania, wakati mji bado unaitwa Élisabethville, kikafika Bukama mwaka 1918, halafu wale wa kampuni ya reli ya BCK wakakipeleka mpaka Ilebo mwaka 1928, enzi hizo ikiitwa Port-Francqui, ambako shaba ilikuwa inashushwa kwenye mashua za mto Kasai kwenda Kinshasa. Miaka ya 1950 wakaweka umeme. Vile vyote vilijengwa kwa ajili ya shaba, hilo hakuna anayebisha, lakini watu nao walikuwa wanapanda! Baba mkubwa alisema zamani mtu wa kijijini alikuwa anajua saa kwa kusikia treni inapita.

Leo barabara baada ya Kolwezi kila mtu anajua inavyoharibika wakati wa mvua, kwa hiyo mtu wa Luena au Bukama atafanya nini? Anapanda juu ya treni ya mzigo. Machi 2022 pale Buyofwe, upande wa Lubudi, treni ya mzigo ilianguka na watu 75 wakafa. Mwaka 2014 Katongola, karibu na Kamina, zaidi ya 60. Halafu unasikia watu wanasema wale wa Buyofwe walipanda kwa wizi. Wizi gani? Mpe mtu treni ya watu inayotoka siku iliyoandikwa, uone kama atapanda juu ya mabehewa ya mawe na mtoto mgongoni.

Na pesa ya reli tunaisikia kila mwaka. Benki ya Dunia ilikubali mradi mwaka 2010, lokomotivi mpya zikaletwa toka China. Sasa ni reli ya Lobito, bandari ya Angola, kila siku, Desemba 2024 mpaka Joe Biden, aliyekuwa rais wa Marekani, alifika Angola kwa ajili ya reli hiyo ya kupeleka shaba baharini. Sawa, shaba iende. Mimi nauliza wagoni ya shangazi iko kwenye mradi gani.

Ninachotaka si makubwa. Kama lokomotivi hakuna, usinikatie tike, nitakopa niende kwa njia nyingine. Kama treni imechelewa, mtu atoke asimame mbele ya watu aseme. Na tike zetu warudishe pesa, nimeenda dirisha lile mara tatu, wananituma ofisi hii na ile.

Shangazi bado yuko Kamina na tike ya kurudi, wiki ya pili hii. Kama kuna ndugu yuko karibu na gare ya kule, nakuomba upite uangalie wameandika nini kwenye ubao, uniandikie hapa.