Waja leo waondoka leo: tuna saa sita Tanga tukisubiri ndege ya Pemba, twende wapi?

Nanaa:
Habari zenu ndugu zangu, na shikamooni wakubwa.

Ijumaa ijayo tunakwenda Pemba harusini. Ndege ya Dar itatushusha Tanga saa tatu asubuhi, na ya kutuvusha inaondoka saa tisa alasiri. Kukaa kiwanjani muda wote huo sitaki. Nipo na mama mkwe wangu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na mwanangu wa darasa la tano. Wote Tanga tunaijua kwa jina tu.

Kijana amesoma habari za Mapango ya Amboni na hataki kusikia pengine. Mama magoti yanamsumbua. Barabara tambarare anatembea vizuri, ila kupanda na kushuka hawezi. Tuna mabegi matatu. Wenyeji nisaidieni, maana nataka huyu mama afurahi, na mtoto pia.

Mkazi wa Chumbageni:
Karibuni sana Tanga. Anzeni na mizigo. Mkishuka tu, nendeni kaunta ya kampuni itakayowapeleka Pemba muulize kama wanaweza kupokea mabegi mapema. Na muangalie uzito kwenye tiketi, ndege hizi ndogo nyingi zinaruhusu kilo 15 kwa mtu. Kiwanja kiko karibu na mji, kwa hiyo njiani hampotezi muda.

Popo wa Kiomoni:
Dada, mpeleke mtoto Amboni. Ni kilomita kama 8 kutoka mjini, barabara ya Mombasa, unakunja Kiomoni. Mapango ni ya mawe ya chokaa, yapo kumi, ila wageni huingizwa moja. Ndani giza totoro, popo juu ya kichwa, na kuna sehemu watu wanaweka sadaka zao za mizimu mpaka leo. Muongoza wageni atawaonyesha pia alikojificha Osale Otango miaka ya 1950, serikali ya mkoloni ikimsaka. Mtoto wa umri huo hatasahau.

Nanaa:
Asante kaka. Na mama je, njia ya ndani ikoje?

Popo wa Kiomoni:
Sitakuficha. Kuna kupanda, kuinama, na sehemu nyembamba unapita ubavu ubavu. Kwa magoti hayo hapana. Lakini anaweza kukaa nje kwenye kivuli, nyinyi mkaingia na kutoka.

Bi Mkubwa wa Makorora:
Mwanangu Popo, hilo silikubali. Mtu mzima umemtoa Dar, umemfikisha Tanga, halafu umkalishe chini ya mti asubiri wenzake watoke shimoni? Mgeni wa heshima hapa ni huyo mama.

Nanaa, umesema alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Mbona hakuna aliyemtajia Machui? Shaaban Robert ni wa huko: amezaliwa Vibambani mwaka 1909, akafariki 1962, na kaburi lake liko Machui. Ni kilomita kama 10 tu kusini ya mji, barabara ya Pangani. Mwalimu aliyefundisha mashairi yake miaka yote hiyo akipita Tanga bila kumsomea Fatiha, mimi naona ni hasara kubwa. Mkifika ulizeni kwa adabu, pale ni kwa watu, wenyeji watawaelekeza.

Nanaa:
Bi Mkubwa, shikamoo. Nimesoma ujumbe wako kwa sauti mama akisikia. Amenyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Kumbe ni karibu hivyo?" Ameshaanza kutafuta kanga ya kuvaa.

Bi Mkubwa wa Makorora:
Marahaba mwanangu. Basi limekwisha hilo.

Mkazi wa Chumbageni:
Kwa mpango huo Amboni muiache, iko upande wa pili wa mji. Mkijaribu zote mbili mtashinda barabarani. Barabara hiyo hiyo ya Pangani, mkiipita Machui, mtafika Tongoni. Kuna magofu ya msikiti na makaburi ya zamani zaidi ya 40, mengine yana nguzo, na bahari iko hapo hapo. Pametulia, na njia haimsumbui mama. Mtoto ajue kwamba meli za Vasco da Gama zilipita pwani hiyo miaka ya 1498 na 1499.

Chukueni taksi, si bajaji, kwa ajili ya mama. Bei mpatane kabla hamjaondoka, na iwe ya kwenda, kusubiri na kurudi. Dereva mwambieni saa ya ndege tangu mwanzo.

Nanaa:
Sawa kabisa. Sasa kijana amenuna. Nimpe nini badala ya pango?

Mpenda Historia:
Mpeleke Raskazone mkirudi, umhadithie vita ya Novemba 1914. Waingereza walishusha pale jeshi la watu kama 8,000, wengi wao askari kutoka India. Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa kama 1,000. Risasi zikavuruga mizinga ya nyuki, nyuki wakawavamia watu vichakani. Tarehe 5 Waingereza wakarudi melini wameshindwa, na silaha nyingi wakaziacha. Asimame ufukweni aangalie ile bahari, kisha apige hesabu mwenyewe: watu elfu nane wanashindwaje na elfu moja? Mjini kuna makumbusho ya Urithi kwenye Boma la Wajerumani, lakini kwa muda wenu ningechagua Raskazone, mtoto akimbie na anywe dafu.

Popo wa Kiomoni:
Bi Mkubwa nimekuelewa, nisamehe. Na kijana mwambieni Amboni haihami. Mkirudi toka Pemba kama mtapitia Tanga tena na baba yake yupo, waingie wao wawili.

Mama Ntilie Ngamiani:
Chakula hamjauliza! Mkitoka kiwanjani piteni Ngamiani kwanza, mnywe chai ya tangawizi na mahamri kwa mbaazi za nazi. Halafu kumbukeni ni Ijumaa. Ikikaribia saa saba watu wako msikitini, na sehemu nyingi husimamisha kuuza. Pilau yenu ichukueni saa sita, mkaile kiwanjani bila haraka. Muwe mmeshafika saa saba na nusu.

Nanaa:
Basi ni chai Ngamiani, Machui, Tongoni, Raskazone, pilau, kiwanjani. Swali la mwisho: machungwa ya Muheza naweza kubeba ya kupeleka harusini?

Mkazi wa Chumbageni:
Ya kuonja njiani, ndiyo. Kiroba usithubutu, watakipima.