Naomba ushauri: kibali cha kituo kidogo cha mafuta kijijini

Habari zenu wakuu. Kijijini kwetu petroli inauzwa kwenye chupa za maji, na bodaboda wakitaka ya pampu wanakwenda zaidi ya kilomita 30. Nina kiwanja kando ya barabara, nataka kujenga kituo kidogo tu: tangi la petroli, la dizeli, na mhudumu mmoja.

Najua Sheria ya Petroli ya 2015 inadai leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), na kwamba hata shimo la tangi halichimbwi bila kibali cha ujenzi. Hapo ndipo nimekwama. Fundi ananiambia nijenge, karatasi zitafuata (yeye hela yake anaitaka kwanza!). Naogopa, maana tangi likishafukiwa halihamishiki.

Mliopitia njia hii, mlianzia wapi: NEMC (baraza la mazingira) kwa tathmini ya mazingira, au halmashauri kubadili matumizi ya ardhi? Zimamoto na Wakala wa Vipimo huja lini? Na kwa hizi bei kikomo za EWURA za kila mwezi, je, faida ya lita inabakiza chochote ukishamlipa mlinzi? Niko Singida.