Kilomita 3,000 hazifiki mwaka huu: niendelee kuzifukuza au nibadili lengo?

MwalimuTegeta (Dar es Salaam)

Habari za jioni, wapanda baiskeli wenzangu. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunijibu, maana swali ni fupi ila lina historia.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 44, nakaa Tegeta. Baiskeli niliinunua Desemba, mtumba wa gia 21, tatu mbele saba nyuma, shilingi 280,000. Kilichonisukuma ni mambo mawili. Kwanza, mashindano ya dunia ya baiskeli ya Kigali, Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika. Siku ya mbio za wanawake niliangalia kwenye simu tangu asubuhi, sufuria ya maharage ikaungua. Zaidi ya kilomita 160, na kila mzunguko wanapanda ule mwinuko wa mawe wa Kimihurura, wameinama, jasho linadondoka kwenye usukani. Nikasema moyoni, na mimi nina miguu miwili. Jambo la pili lilikuwa zahanati. Presha 152/96. Daktari alinipa miezi mitatu ya kupunguza chumvi na kufanya mazoezi, kisha aangalie kama kuna haja ya dawa.

Basi Januari mosi nikafungua kaunta buku nikaandika malengo. Kilomita 3,000 kwa mwaka. Tegeta mpaka Bagamoyo na kurudi kwa siku moja, kama kilomita 90. Kupanda kilima cha Wazo bila kushuka kwenye baiskeli. Na presha ishuke chini ya 130/85. Kila nikirudi naandika tarehe, kilomita, na nilivyojisikia.

Mpaka Machi nilikuwa vizuri. Masika ikaja. Mnaoishi huku mnajua barabara zetu za mtaani zinavyokuwa: Aprili na Mei kwa pamoja nilipata kilomita 61 tu. Juni goti la kulia likaanza kuuma kwa mbele, chini ya kifuniko. Nikapumzika wiki tatu. Lakini Wazo nilikwishaipanda, Machi 14, bila kugusa chini, na nilipofika juu nililia, sioni haya kuwaambia.

Agosti nikajaribu Bagamoyo. Kwenda nilitumia masaa mawili na dakika kumi tu, baiskeli inateleza, nikajiona nimeiva. Kurudi, Mungu wangu. Kutoka Bagamoyo mpaka Kerege peke yake ni masaa mawili kasoro, miguu imekufa, kila nikikanyaga ni kama kuna mtu amenishika siti kwa nyuma. Nikakaa chini ya mwembe, nikasimamisha kirikuu, nikalipa elfu ishirini nikarudishwa nyumbani na baiskeli yangu ikiwa katikati ya matenga ya nyanya. Mpaka leo sielewi kilichotokea, maana nilikula vizuri na maji nilikuwa nayo.

Sasa swali. Leo ni katikati ya Oktoba, nina kilomita 1,812. Zimebaki 1,188 na wiki 11, yaani 108 kila wiki. Wiki yangu bora tangu nianze ni 96. Wiki tatu hizi nimejilazimisha: natoka usiku baada ya kusahihisha madaftari, nazunguka Boko na kurudi, Boko na kurudi, pale palipo tambarare. Wazo sijaigusa tangu Septemba kwa sababu mlima unakula muda na hauleti kilomita. Goti limeanza kunong'ona tena. Presha ilipopimwa mara ya mwisho ilikuwa 134/86, na hiyo ilinifurahisha kuliko kilomita zote.

Nisipofika 3,000 nitajisikia nimeshindwa. Nikifika nikiwa nachechemea, pia sijui nitakuwa nimepata nini. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

---

FundiKiraka (Temeke)

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi, kilomita zako nawaachia wengine, nishike goti.

Goti likiuma kwa mbele, kitu cha kwanza ninachoangalia ni siti. Wengi wanaoletewa mtumba wanaishusha siti mpaka miguu yote miwili iguse chini wakisimama, wanaona ndiyo usalama. Ukikaa chini hivyo goti linakunjwa sana kila mzunguko, na mizunguko ni maelfu. Fanya hivi: egemea ukuta, panda, weka kisigino (kisigino, siyo kidole) juu ya pedali, zungusha mpaka pedali ifike chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke. Usiponyooka, pandisha siti kidogo kidogo, nusu sentimita, endesha siku mbili tatu, ndipo uongeze. Kiuno kikianza kuyumba huku na huku umezidisha, shusha.

La pili, gia. Nina uhakika unaendesha gia nzito ili uende haraka. Weka nyepesi, miguu izunguke. Hesabu mguu mmoja kwa nusu dakika: ukipata 40 uko pazuri, ukipata 25 unaliponda goti lako mwenyewe.

Na ukienda Bagamoyo beba tyubu ya akiba, vipande vya viraka, msasa, solusheni na pampu. Ukipaka solusheni usibandike kiraka ikiwa mbichi. Subiri ikauke, uguse kwa kidole isinate, ndipo ubandike ukandamize. Watu wanakosa subira ya dakika tano halafu wanasema viraka ni feki.

---

NesiZamu (Dodoma)

Hongera sana, mwalimu wangu. Kutoka 152/96 mpaka 134/86 kwa chumvi na pedali ni kazi kubwa, na usiiandike pembeni kama jambo dogo.

Naomba ubadilishe kipimo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Wastani maana yake unaweza kuongea ila huwezi kuimba. Chukua hizo 108 zako: kwa mwendo wa kilomita 18 kwa saa ni masaa sita, na unayapata kwa kuiba usingizi. Usingizi mbovu nao unapandisha presha. Hivyo unajaza kwa mkono mmoja na kumwaga kwa mwingine.

Ukihesabu dakika, Wazo inarudi kuwa rafiki. Nusu saa ya kupanda ni nusu saa, hata kama ni kilomita tano. Na tafadhali rudi kwa daktari wako kabla ya ile safari ndefu, apime, ajue unachopanga.

---

NgongAlfajiri (Nairobi)

Mwalimu, habari yako. Mimi nitaenda kinyume kidogo na Nesi, aniwie radhi.

Mwaka wangu wa pili niliandika 4,000. Kufika Septemba nikaona haiwezekani, nikasema basi, nitaendesha tu nikijisikia. Unajua nilijisikia mara ngapi? Baiskeli ilikaa kwa stoo miezi minane. Nikarudi nikiwa nimeongeza kilo 11. Mtu kama mimi bila namba hatoki kitandani saa kumi na moja. Kwa hivyo usiifute kabisa hiyo namba, ipunguze. Andika 2,300 na uilinde kama mshahara. Hiyo ni kama 44 kwa wiki, unaimaliza Jumamosi moja na jioni moja.

Hiyo shida yako ya kurudi naijua. Huku kwetu tunashuka kutoka Kiserian kuelekea Magadi, unateremka tu, upepo masikioni, unajiambia leo niko na miguu ya Froome, yule bingwa wa Tour de France. Halafu unageuka na unakumbuka kila mita uliyoshuka lazima uipande, na jua la bonde liko juu ya kichwa. Siku hizi kabla ya kugeuka najiuliza kwenda kumekuwa rahisi kwa sababu ya nguvu zangu ama kwa sababu ya kitu kingine. Lakini barabara ya Bagamoyo siijui, sijui kama kuna mteremko wa kukudanganya hivyo.

---

MwanaWaNahodha (Bagamoyo)

Mteremko hakuna, bwana Ngong. Kuna upepo.

Mwalimu, hukushindwa wewe. Ulikwenda Agosti, Agosti ni kusi, upepo wa kutoka kusini. Marehemu baba alikuwa nahodha wa jahazi, na hakuna mtu wa pwani wa zama zake ambaye angepanga safari bila kuuliza upepo. Kutoka Tegeta kuja kwetu unaelekea kaskazini-magharibi. Kusi inakusukuma mgongoni njia nzima, ndiyo maana baiskeli iliteleza. Ulipogeuka, ukaibeba kifuani. Na ulianza kurudi saa ngapi? Nadhani saa nne tano, wakati imekwisha pata nguvu.

Ngoja kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini. Desemba inakuwa imeshika. Hapo mambo yanageuka: kwenda unakwenda kinyume cha upepo, lakini ukitoka alfajiri bahari bado imelala na wewe una nguvu mpya. Kurudi unarudi na upepo mgongoni. Tatizo la kaskazi ni joto, kwa hiyo uwe umefika nyumbani kabla ya adhuhuri. Ukifika Bagamoyo nenda ufukweni pale samaki wanaponadiwa, kunywa dafu, kaa nusu saa, usikae zaidi miguu isipoe.

---

MwalimuTegeta

Marahaba, fundi. Nimepima: kisigino kwenye pedali na goti bado limekunjika kama nimekaa kwenye kigoda. Nimepandisha sentimita moja na nusu kwa siku sita. Sikuamini kitu kidogo hivyo.

MwanaWaNahodha, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Nimezaliwa Tanga, babu yangu alikuwa mvuvi, kusi na kaskazi nimezisikia tangu utotoni, na haikunipitia akilini kwamba zinapita pia juu ya lami. Asante sana.

Nimekata 3,000 kwa kalamu nyekundu, nimeandika 2,300 kama alivyosema kaka wa Ngong, na pembeni yake dakika 200 kwa wiki kama alivyosema dada Nesi. Wazo kila Jumatano. Usiku sitoki tena. Bagamoyo ni Desemba shule zikifungwa.

---

MwalimuTegeta (wiki ya tatu ya Desemba)

Nimerudi na majibu.

Nilitoka saa 11 na robo alfajiri na taa mbele na nyuma. Mpaka Bunju giza, mpaka Mapinga kunapambazuka, na kweli upepo ulikuwa bado haujaamka. Kabla ya Zinga tairi la nyuma likaisha pumzi. Nikageuza baiskeli miguu juu, nikatoa tyubu, nikapata tundu. Nilitaka kuziba niondoke, nikakumbuka kwamba kilichotoboa huenda bado kimo. Nikachukua kipande cha kanga, nikakipitisha taratibu ndani ya tairi pande zote mpaka kikanasa: uzi wa chuma, mwembamba kama unywele, wa yale matairi ya malori yanayopasuka njiani. Nikauchomoa kwa meno. Msasa, solusheni, nikasubiri huku watoto wanne wamechuchumaa wananiangalia, mmoja akiuliza kama mimi ni fundi. Nikagusa, hainati. Kiraka kikakaa.

Bagamoyo nilifika saa 2 na robo. Dafu nilikunywa mawili. Saa 3 na nusu nikageuka, na pale Kiromo nikausikia: shati limejaa hewa mgongoni. Kerege nilipopita ule mwembe nilipiga kengele. Nyumbani saa 5 na nusu, goti kimya.

Kaunta buku inasoma kilomita 2,366. Presha juzi ilikuwa 128/82, na daktari amesema tuendelee hivi hivi bila dawa, anipime tena Machi.

Sasa nina swali jingine. Mwakani nataka kufika Bagamoyo nisigeuke, nikate kushoto kwenda Msata, kilomita 64 hivi. Kuna aliyepita njia hiyo kwa baiskeli? Mabega ya barabara yako vipi, na maji yanapatikana wapi katikati?