Mtoto wa miezi 18 hataki kushika vitu vinavyonata, nianzie wapi?

Mama Nasra: Habari zenu. Binti yangu anatembea vizuri, ila uji ukimgusa kiganjani analia mpaka anawishwe. Nyumba ni ya kupanga, uwanja hakuna. Nimchezeshe nini ndani bila kununua midoli?

mwl_awali: Pole mama. Kwanza, usimshike mkono ukauzamisha kwenye kitu. Akilazimishwa, kesho atalia akiona bakuli tu. Songa ugali laini kiasi cha ngumi moja, upoe kabisa, kisha ukande na kijiko cha chai cha mafuta ya kula ili usigande vidoleni. Unga mbichi hapana, huwa na vijidudu na lazima atautia mdomoni. Uweke kwenye sinia, mpe kijiko na kikombe cha plastiki abonyezebonyeze. Kitambaa chenye maji kikae karibu naye, ajifute mwenyewe anapotaka. Akijua anaweza kujifuta, anathubutu. Kidole kimoja kikigusa, inatosha kwa siku hiyo.

fizio_Tanga: Mwalimu yuko sahihi, ila mimi ningeanza na mwili kabla ya mikono. Misuli ikifanya kazi ya kusukuma na kuvuta, watoto wengi hutulia. Tia nguo za kilo 2 hivi kwenye beseni, alisukume sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta, kisha atambae chini ya meza na kupanda mito. Halafu khanga mbili zilizopandana: watu wazima wawili washike pembe, mtoto alale katikati, juu ya godoro, isizidi urefu wa goti. Bembeza polepole mbele na nyuma mara kumi, simama, msubiri aombe tena kwa sauti au kwa mkono. Msimzungushe. Akipauka, akitoka jasho au akigeuza uso, acheni hapo hapo. Ndipo ulete sinia la ugali.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unataka angalau dakika 180 za kujongea kwa siku kwa umri huu, zikigawanywa kutwa nzima.

Mama Nasra: Asanteni sana. Maharage na maji je?

mwl_awali: Maharage bado, mpaka apite miaka 3. Kitu chochote kinachopenya kwenye bomba la kadibodi la katikati ya karatasi ya chooni kinaweza kumkaba. Yatie kwenye chupa ya nusu lita, funga kifuniko kwa gundi kali, ikikauka atikise. Maji ni mazuri mno, lakini hata sentimita 5 huzamisha mtoto: kaa umfikie kwa mkono, na ukiitwa mlangoni ondoka naye.