"Kwani ulikuwa haupo?" Nimempa asali kwa mikono miwili, haya ndiyo majibu niliyopata leo asubuhi

BintiMwanga (mleta uzi)

Wakuu, mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnisamehe. Ni saa 4 na robo asubuhi, nimejifungia stoo ya ofisi katikati ya maboksi ya karatasi, naandika kwa simu.

Simtaji jina. Mnamjua. Yeyote aliyewahi kuingia ofisini na karatasi ya kugongewa mhuri, kuanzia Kibirizi mpaka Ujiji, anamjua. Yule wa miwani kwenye ncha ya pua na kikombe cha chai unachoweza kumwogeshea mtoto.

Jana usiku nimerudi kutoka Mahale, ile hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika. Miaka mitatu sijachukua likizo. Nimedunduliza miezi kumi na moja, nimeacha soda, nimeacha bodaboda, natembea kwa mguu kutoka Mwanga mpaka ofisini jua la Kigoma likinipiga utosini, ili nipate siku chache za kukaa kwenye kibanda chini ya mlima nisisikie mtu akiniita. Nilitoka Ujiji jioni na boti ya mbao, usiku kucha juu ya magunia ya unga, kuku miguuni, mama mmoja kapakata cherehani yake kama mtoto. Na nilikuwa na furaha!

Mahale hakuna gari, jamani. Ndani ya hifadhi hakuna barabara, kila kitu ni miguu yako. Unalala unasikia ziwa upande huu na msitu upande ule. Nyuma ya kibanda mlima Nkungwe umesimama, mita 2,462, asubuhi hauonekani kwa ukungu, ukungu ukipanda unauona wote na unanyamaza mwenyewe bila kuambiwa. Siku ya pili tulitembea na mwongozaji kwa muda wa karibu saa tatu kuwatafuta sokwe. Mnavaa barakoa, maana mafua yako wewe yanaweza kumuua sokwe, na mkishawapata mnapewa saa moja tu, basi, mnawaacha na maisha yao. Kulikuwa na mama mmoja anamchambua mwanawe manyoya. Polepole. Hana haraka ya kwenda popote. Wakuu, nililia ndani ya barakoa.

Nikajiambia nitarudi mjini na utulivu ule ule. Chai nitakunywa nimekaa. Simu sitaigusa kabla ya kunawa uso. Sitagombana na mtu.

Njiani nilinunua asali kwa mzee mmoja wa Kitongwe, lita tano, nzito, nyeusi kama kahawa ya Manyovu. Jana usiku sikulala mpaka saa 7, naigawa kwenye vichupa kumi na vinne, kila kimoja nimebandika karatasi ya jina la mtu. Kumi na vinne! Hata mlinzi ana chake.

Leo saa 2 na dakika 10 nimeingia. Nikaanza na yeye kwa kuwa ndiye mkubwa. Nikasema, "Shikamoo, baba." Kimya. Nikampa kichupa kwa mikono miwili, goti limekunjwa, kama mama yangu alivyonifundisha. Akafungua kifuniko. Akachovya KIDOLE. Akalamba. Akachovya tena. Asali inamchuruzika kidevuni, ndipo akanitazama juu ya miwani akasema:

"Kwani ulikuwa haupo?"

Siku tisa za kazi! Fomu yangu ya likizo ina sahihi yake, kwa kalamu yake ya kijani ambayo haazimishi mtu! Meza yangu ina vumbi la kuotesha mchicha! Mafaili ya siku tisa yamerundikwa kwenye kiti changu, yamekaribia kuupita Nkungwe, na aliyeyarundika ni yeye. Sasa alikuwa anamrundikia nani kama nilikuwepo?

Ofisi nzima ikacheka. Mlinzi pia alicheka, na chupa yake nilikuwa nimeishika mkononi.

Ningetukanwa ningevumilia. Kidole ndani ya asali yangu, kidevu kinang'aa, halafu "kwani ulikuwa haupo?" Marahaba hakuitikia mpaka naandika hapa.

Nawasilisha.

MgebukaMkavu

Nimekaa palee na karanga zangu. Pole dada, lakini hiyo ya mlinzi nimecheka mpaka abiria mwenzangu kanitazama.

MtotoWaGungu

Namjua huyo! Ni yule wa ghorofa ya kwanza mwenye suruali ya kaki. Mwaka juzi alinirudisha mara nne kwa sababu picha yangu ya pasipoti "inatabasamu".

ShangaziWaKatubuka

Wewe Gungu humjui. Wa suruali ya kaki ni mtu wa watu. Anayesemwa hapa ni yule mfupi wa dirisha la tatu, amemsainisha marehemu baba yangu fomu akiwa mgonjwa, halafu akasema sahihi imepinda.

BintiMwanga (mleta uzi)

Siyo wa kaki na siyo wa dirisha la tatu. Mnamjua bwana! Wa kikombe! KIDOLE, wakuu. Kijiko kilikuwepo, kimelala juu ya meza yake, kinamwangalia.

KisanduChaRuvu

Uzi bila picha ni chai. Mshahara gani huo unakupeleka Mahale? Kule wanakwenda Wazungu na ndege za kukodi.

BintiMwanga (mleta uzi)

Wazungu wanapanda ndege, mimi nimepanda boti na kuku. Raia wa Tanzania kiingilio chake cha hifadhi ni cha shilingi, wala hakifanani na cha mgeni. Nimelala kibanda cha kawaida, mchele na dagaa nimebeba mwenyewe kutoka sokoni. Watu wa Kigoma tunazaliwa na kuzikwa hapa, milima yetu tunaisikia kwa wageni.

MzeeWaLushoto

Milima gani hiyo ya mita 2,462 mnaitangazia watu? Njoo Lushoto uone baridi, ulale na mablanketi mawili, uamke na maziwa ya moto na matunda damu.

MgebukaMkavu

Huko Lushoto mna ziwa? Mtu akishuka mlimani anaogelea wapi, kwenye karai?

DadaWaBuzebazeba

Mleta uzi, wewe umeulizwa hivyo baada ya siku tisa. Mimi nimetoka uzazi, miezi mitatu, kifua kinavuja maziwa, bosi wangu akaniuliza mbele ya wateja, "Semina iliendaje?" Semina! Mtoto ana kilo tano!

ShangaziWaKatubuka

Dada wa Buzebazeba umeshinda. Uzi apewe yeye.

BintiMwanga (mleta uzi)

Pole sana mdogo wangu, nimeumia kwa ajili yako kweli. Lakini wewe bosi wako hakuwa analamba kitu chako wakati anasema. Huyu alikuwa ANALAMBA. Alimeza kwanza, halafu akauliza. Mpaka sasa sauti ya kumeza iko masikioni mwangu, na nilikwenda kule milimani ili nisisikie sauti za watu.

MvuviWaKatonga

Mnagombania likizo wakati wengine hatujui neno hilo. Ziwa lilifungwa tangu Mei 15 mpaka Agosti 15, miezi mitatu nyavu ziko juu ya paa. Limefunguliwa, tumeingia, mbalamwezi nayo hiyo. Dagaa wanafuata taa, mwezi ukiwaka taa zetu hawazitazami. Halafu mtu wa mjini anasema dagaa wako ghali.

MamaNtilieStesheni

Ni ghali, kaka yangu, na sisemi kwa ubaya. Na bado kuna wanaoanika mchangani halafu wanauza kwa bei ya dagaa wa kwenye chanja. Jana mteja kauma jiwe, kanirudishia sahani na jino.

MvuviWaKatonga

Hao wa mchangani siyo sisi wa Katonga. Waulize wa ng'ambo ya pili.

MtumishiMwadilifu (amejiunga leo)

Nimesoma uzi huu kwa masikitiko. Mtumishi anayejificha stoo saa 4 asubuhi na simu, je, huo ni uadilifu? Tusikilize pande zote mbili. Inawezekana mhusika alikuwa na kazi nyingi. Halafu asali yenyewe ilikuwa nyepesi, ina maji.

MtotoWaGungu

HAYAAA!

MgebukaMkavu

Amejiunga leo na anajua asali ilikuwa nyepesi! Mzee, futa kidevu kwanza.

ShangaziWaKatubuka

Mwakeye, baba. Umeamkiwa tangu asubuhi, itikia basi.

BintiMwanga (mleta uzi)

NI YEYE! Wakuu, nimechungulia kwa tundu la kitasa, amekaa, ameinamisha miwani kwenye simu, na chupa iko NUSU! Asali yenye maji unaimalizaje nusu kabla ya saa 5? Baba, mimi nakuheshimu, wewe ni sawa na mzazi wangu, ila niambie tu mbele ya watu hawa: nilikuwepo au sikuwepo?

KazehMoja

Samahanini, mimi mtu wa Tabora, nilikuwa napita. Hilo la asali kuwa na maji tulitazame vizuri, maana mambo ya asali ni ya kwetu. Asali nyepesi mara nyingi imerinwa mapema, kabla nyuki hawajaziba masega kwa nta. Ikizibwa ndiyo imeiva, maji yameshapungua. Asali mbichi kesho kutwa inachacha, inatoa povu. Mleta uzi, ina povu?

BintiMwanga (mleta uzi)

Haina povu! Nimesema nzito, nyeusi! Mada ni kwani ulikuwa haupo!

ChumviYaUvinza

Asali ya Watongwe haina mfano wake. Msitu ule ule wa miombo mnaojisifia Tabora unaendelea mpaka kwetu, nyuki hana kitambulisho cha mkoa.

KazehMoja

Mkuu wa Uvinza, wewe bakia kwenye chumvi. Chuo cha nyuki kiko Tabora. Hata reli ilifika kwetu 1912, nyie mkaipata 1914. Kila kitu kinapita kwetu kwanza.

ChumviYaUvinza

Reli ilipita kwenu kwa sababu ilikuwa inakuja kwetu. Nani alikuwa anaitafuta Tabora?

KisanduChaRuvu

Na iliyoganda je? Nilinunua chupa, wiki mbili ikawa kama mafuta ya kupikia ya baridi. Nikajua nimepigwa sukari, nikatupa.

KazehMoja

Ulitupa?! Asali safi kuganda ni kawaida yake, ni sukari ya asili iliyomo inajikusanya. Iweke chupa kwenye maji ya vuguvugu, usiichemshe, itarudi. Umetupa chakula, ndugu yangu, moyo wangu umeuma.

MamaNtilieStesheni

Wangu aliweka chupa kwenye maji ya moto kabisa, ikapasuka, sufuria nzima. Na ni chupa ya kwangu.

DadaWaBuzebazeba

Mkuu wa Tabora, mtoto wa miezi mitatu anaweza kulambishwa? Mama mkwe ananisumbua.

KazehMoja

Hapana. Mpaka atimize mwaka. Hata iwe safi namna gani, asali siyo ya kitoto kichanga. Mwambie mama mkwe nimesema mimi.

DadaWaBuzebazeba

Asante, kaka. Nitamwonyesha hii simu.

MzeeWaLushoto

Na ya kwetu ya milimani mmewahi kuonja?

ChumviYaUvinza

Mzee wa Lushoto, tulishakuacha kwenye karai.

BintiMwanga (mleta uzi)

Jamani, nimetoka stoo. Nimekaa kwenye kiti changu, mafaili nimeyashusha chini. Amepita karibu yangu kwenda kujaza kikombe. Hakusema kitu. Ametoka kwenye mlango amegeuka akauliza, "Ile chupa ya mlinzi umeshampa?" Wakuu, anataka na ya mlinzi! Nimefumba macho nimemkumbuka yule mama sokwe nikahesabu mpaka kumi na nane. Kidole kile kile ndicho alichokuwa ananyooshea ile chupa.

MgebukaMkavu

Mlinzi apewe haraka.

MtotoWaGungu

Mkuu wa Tabora, lita tano nzuri kabisa ni shilingi ngapi hadi Kigoma?

KazehMoja

Njoo tuongee pembeni, bei haitangazwi mbele ya mtu wa Uvinza. Natuma na treni. Nani atapokea stesheni?

ShangaziWaKatubuka

Mimi naagiza mbili. Nitakuja na kitenge cha kijani, nisimame karibu na mama ntilie.

MamaNtilieStesheni

Karibu, shangazi. Usimame tu, lakini usiagize dagaa leo.