Tupeane uzoefu: siku mnyama wa mtoni alipokutoa jasho (Ugalla, Malagarasi na kwingineko)

Mrina Asali: Wakuu, mvua imenyesha jana usiku hapa Urambo, vyura wamelia mpaka nimekosa usingizi. Nikakumbuka kambi yetu ya asali kule Ugalla. Usiku nasikia majani yanang'olewa kando ya turubai, krap, krap. Nikachukua tochi nikafukuze ng'ombe wa watu. Nimeshafika mlangoni ndipo akili ikanijia: huku hakuna ng'ombe. Nililala chali mpaka alfajiri. Haya, leteni zenu.

Kambale Mkavu: Kiboko huyo. Yamenikuta.

Mama Matofali: Mie kiangazi nachimba udongo bondeni, jembe likagonga donge, donge likaguna. Kumbe samaki kamongo amejizika anasubiri mvua. Jembe niliacha hapohapo.

Mwana Uvinza: Nyie mnacheza. Tulikuwa watatu kwenye mtumbwi wa gogo, Malagarasi, tunakwenda kutegua nyavu. Wa mbele akanyanyua mkono tu, hakusema neno. Nikaona mapovu yanakuja upande wetu, yamenyooka mstari. Nilichokumbuka baada ya hapo ni ndala yangu moja inaelea mbele ya uso wangu. Nilishika matete mpaka viganja vikachanika. Mwenzetu alitoka na mguu umevunjika. Kasia tulilikuta kesho yake limekatwa kama muwa.

Kambale Mkavu: Duh. Pole mkuu.

Jirani wa Kaliua: Huyo ni mamba.

Mwana Uvinza: Mamba anapindua mtumbwi wa watu watatu? Ulikuwepo?

Jirani wa Kaliua: Nauliza tu. Halafu Malagarasi mnaringia nini, maji si yanatoka kwetu Tabora na Ugalla?

Mwana Uvinza: Malagarasi inaanzia milimani, mpakani na Burundi. Ugalla inaingia humo kama mgeni. Kaangalie ramani.

Mzee wa Mbuga: Wanangu, kuanzia huko Malagarasi mpaka Moyowosi ni ardhioevu moja ya Ramsar, yaani inayolindwa kwa mkataba wa kimataifa, ya kwanza nchini, tangu 2000, hekta zaidi ya milioni tatu. Mnagombania mpaka wa matope. Mimi nilikuwa namwona nzohe, yule swala wa majini, amezama, pua tu ndiyo iko juu. Siku hizi nikipita nakuta kwato za ng'ombe.

Jirani wa Kaliua: Ng'ombe wasinywe maji mzee?

Mrina Asali: Hiyo fungueni mada yenu. Ukikutana na kiboko nchi kavu unafanyaje?

Kambale Mkavu: Panda mti.

Mama Matofali: Mti gani mbugani? Ukiukuta una mzinga, utachagua nyuki au kiboko.

Mzee wa Mbuga: Usikae kati yake na maji, basi. Hana haja ya nyama yako, anataka njia.

Jirani wa Kaliua: Mimi nitakimbia tu.

Mzee wa Mbuga: Anakushinda mbio.

Mrina Asali: Mwana Uvinza, ndala ya pili ilikwenda wapi?

Mwana Uvinza: Nilitoka nayo mguuni. Mama akaificha kwenye kapu, akakataa isitupwe. Mbwa akaja kuitafuna.